Nani Alipima Krenki?

Kwenye karakana ya ushirika kulikuwa na amri moja iliyonichekesha nilipoanza kazi: pamba isikaribie injini iliyofunguliwa. Ilinichekesha kwa sababu karakana yenyewe ilipakana na kiwanda cha kuchambua pamba, na msimu ulipofika nyuzi zilielea hewani, zikatua kwenye nywele, kwenye uji, kwenye nyusi za watu. Bariadi nzima ilikula na kuvaa kwa pamba. Lakini fundi wetu mkuu alifagia sakafu mara tatu kwa siku. Kila tundu la injini iliyo wazi tuliliziba kwa kipande cha kitambaa cha kaki alichokikata mwenyewe, kila kipande kikiwa na mkia wa uzi mwekundu, na vipande vilihesabiwa vikiingia na vikitoka. Miaka ile ya uhaba tulisubiri vipuri miezi mingi, injini zikakaa wazi kwenye vumbi, na asubuhi fundi mkuu alipita akihesabu mikia myekundu kama mtu anayehesabu ng'ombe wakitoka zizini. Akikosa mmoja, hakuna aliyekwenda kunywa chai.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Nataka kuandika jambo nililomtendea, na nataka kuliandika kama lilivyokuwa, kabla sijaanza kulilainisha. Najijua.

Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, ushirika uliyumba, na karakana yetu ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kufungwa. Mashine zilipakiwa kwenye malori ya watu tusiowajua. Sisi tulipunguzwa kwa barua fupi, kila mmoja yake. Mzee, yule fundi mkuu, aliomba kitu kimoja tu, aachiwe maikromita, kile chombo cha mkono cha kupimia unene wa chuma hadi tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Wakampa. Alikuwa amekitumia kwa miaka mingi, na kilikuwa kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa kitambaa cha kijani.

Mimi nilifungua gereji Somanda, hapo hapo Bariadi, bati nne na nguzo sita za miti. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga na hakuna aliyeota kwamba Simiyu ingekuja kuwa mkoa. Wenzangu wawili wa karakana walikuja tukafanya kazi pamoja. Mzee alirudi kwao Sapiwi kulima na kufuga, lakini kila gereji ya mjini ilipohitaji kupima, ilimtumia ujumbe, naye akaja kwa baiskeli na kisanduku chake kimefungwa nyuma kwa mpira. Alikuja kwa kazi hiyo moja. Krenki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, hukumbatiwa na vipande vya beringi, na kati ya krenki na beringi lazima ibaki nafasi ndogo sana ya oili kupita. Nafasi ikizidi, oili inamwagika na presha yake inaanguka. Ikipungua, chuma kinasaga chuma. Mzee ndiye aliyesema nafasi ni sawa au si sawa, na akishasema, hakuna aliyebisha. Hakuwa na kitu kingine mjini zaidi ya neno lake hilo, na lilimtosha.

Macho yake yalikuwa yameanza kufanya ukungu. Niliona. Alikuwa akiisogeza maikromita karibu na pua, akaigeuzia jua, akafumba jicho la kushoto. Alichukua muda mrefu kuliko zamani, na akapima mara tatu pale alipokuwa akipima mara moja. Sikumwambia kitu. Nililiweka jambo hilo moyoni, na baadaye nilijua nilikuwa nimeliweka la kazi gani.

Mwaka huo, pamba ikiwa imeanza kuvunwa, mama mmoja mjane alileta pikapu yake. Ilikuwa gari la Kiingereza, la zamani kuliko ndoa yangu, rangi yake imekwisha kiasi kwamba kila mtu aliitaja kwa rangi tofauti. Marehemu mume wake alikuwa ameitunza, naye akaitunza kuliko marehemu. Alikuwa amepata kazi ya kumkusanyia pamba mnunuzi mmoja binafsi, na bila gari kazi hiyo ingekwenda kwa mwingine. Injini ilikuwa inakula oili na kugonga. Nikamwambia ukweli, kwamba lazima tuishushe na kuijenga upya.

"Nani atapima?" aliuliza.

"Mzee wa Sapiwi."

"Basi shusha," alisema, akaacha ufunguo.

Tuliifungua. Krenki ikapelekwa Mwanza kuchongwa, na huko ilikaa wiki tatu. Nyuma yake injini ilibaki wazi juu ya mbao mbili, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza, ule unaozunguka na kunyanyua vumbi na mifuko ya nailoni hadi juu ya paa. Vitambaa vya kaki vilikuwa vimekwisha. Nilikuwa nimekusudia kukata vingine na sikukata. Pembeni ya gereji kulikuwa na nusu gunia la fifi, ile pamba chafu ya daraja la chini, jirani alikuwa amekataliwa nayo kwenye mzani msimu uliotangulia akaitupa hapo kwa hasira. Nikachukua fifi, nikaiviringisha vidonge, nikaziba matundu yote, pamoja na yale mapana ya juu yanayorudisha oili chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nilijiambia kwamba kaki nayo ni pamba iliyofumwa, kwa hiyo sijavunja amri ya mtu. Nilijiona mjanja. Sikuhesabu.

Krenki iliporudi, mzee alikuja. Alipima asubuhi yote. Beringi tulizinunua kwenye duka jipya Mwanza, moja ya maduka yale yaliyochipuka baada ya soko kufunguliwa, ambapo boksi linang'aa kuliko kilichomo, na mzee akazikataa mbili, tukabadilisha. Kabla ya kufunga, aliniuliza kama nimetoa vizibo vyote. Nikasema vyote. Aliniuliza vilikuwa vingapi. Nikataja idadi iliyonijia kinywani. Akaitikia kwa kichwa, maana yeye ndiye aliyenifundisha, na hakuona sababu ya kunihesabia tena.

Injini ilipowaka ilikuwa tamu. Mama yule alisimama mbele ya pikapu yake, ameshika kanga yake kifuani, akisikiliza, na niliona machozi. Nilifunga geji ya oili kwenye dashibodi, sindano ikakaa pazuri. Akaenda Maswa akarudi. Akaenda tena. Safari ya tatu, akitokea Lamadi na mzigo, sindano ilianza kuanguka. Bahati yetu ni kwamba alikuwa mtu wa kuangalia geji kuliko barabara. Akazima, akakaa kando ya njia karibu nusu saa, akawasha, sindano ikarudi juu kama hakuna kilichotokea. Akasogea kidogo, ikaanguka tena. Alifika Bariadi kwa kuzima na kuwasha, kituo hadi kituo, akaingia gereji uso wake umekuwa wa kijivu.

Mzee alikuwepo siku hiyo. Alikuwa amekuja kupima krenki ya gari lingine, na dereva wa gari hilo, mtu wa kijiji cha Sola, alikuwa amekaa kwenye tairi akingoja. Wenzangu wawili waliacha spana. Niliingia kwenye pikapu, nikakanyaga mafuta, nikaona sindano inashuka kwa macho yangu. Msimu ulikuwa unafunguliwa wiki ile ile.

Mzee alisogea dirishani. "Ng'wana wane," alisema, mwanangu, ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, "inashuka ikiwa kwenye sailensa, au inashuka ukipiga resi?"

Alikuwa anauliza kama presha inaanguka injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa, au inaanguka ikizungushwa kwa kasi. Lilikuwa swali pekee lililohitajika siku ile, na jibu lake lilikuwa mbele ya pua yangu.

"Inashuka, mzee," nilisema. "Kushuka ni kushuka."

Mama yule akanitazama. "Si mliniambia imepimwa? Nani alipima krenki?"

Ningeweza kusema tulipima. Ningeweza kusema ngoja tufungue tuone. Nilisema, "Mzee ndiye aliyepima." Halafu, kama hiyo haikutosha, nikaongeza nikimgeukia yule mama, "Macho yake sasa hivi, mayu, unayaona mwenyewe."

Nilikuwa nimemvua nguo mbele za watu. Nilijua hivyo wakati maneno yanatoka, na sikuyarudisha. Mzee aliitoa maikromita iliyokuwa mkononi mwake, akaifuta polepole, akailaza kwenye kitambaa cha kijani, akafunga kisanduku na kukiweka juu ya meza yangu. Akamwambia yule dereva wa Sola atafute mtu mwingine. Akachukua baiskeli yake. Mpira wa nyuma ulikuwa unaning'inia, hauna cha kufunga.

Kesho yake asubuhi nilifungua injini ili nibadilishe beringi. Nilikuwa na hasira bado, na hasira ile ilinisaidia kutofikiri. Nilishusha sampu, nikaing'oa pampu ya oili nikaiweka kwenye karai bila kuitazama, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwenye krenki nione makosa ya mzee. Nikachukua maikromita yake. Nikapima shingo ya kwanza ya krenki na beringi yake. Ilikuwa sawa. Ya pili sawa. Nilipima zote, nikapima tena kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na kila nafasi ilikuwa vile vile inavyotakiwa, hakuna hata moja iliyopotoka. Mikono yake ilikuwa imeona pale macho yalipochoka.

Nilikaa kwenye kopo la rangi. Ili mikono yangu ifanye kitu, nikaivuta pampu kutoka kwenye karai nikaanza kuiosha. Kwenye mdomo wake kuna chujio la waya linalonyonya oili kutoka chini ya sampu. Lilikuwa limevikwa kitu cheusi nilichodhani ni tope la oili. Nilipokigusa kilivutika. Kilikuwa na nyuzi. Katikati yake kulikuwa na mbegu moja ya pamba.

Hapo nilijibu swali la mzee, peke yangu, nikiwa nimechelewa siku moja. Nafasi ya beringi ikizidi, presha huanguka injini ikiwa kwenye sailensa na hupanda ukipiga resi, kwa sababu pampu inasukuma zaidi. Hii yetu ilifanya kinyume. Ilianguka kadiri ulivyokanyaga, kwa sababu pampu ilinyonya kwa nguvu na pamba ikajibana kwenye chujio. Ukizima, pamba ililegea ikashuka, oili ikapita tena. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza karakana angelijua hilo. Mimi nililijua. Vidonge viwili vya fifi nilivyosahau kwenye matundu ya juu vilikuwa vimesafiri na oili hadi chini, na nilikuwa nimevitia kwa mikono yangu hii.

Niliosha kila kitu. Nilifunga injini kwa beringi zile zile. Mama yule alikuja, akaendesha hadi Lamadi na kurudi, sindano haikutikisika. Alinishukuru hadi nikaona aibu. "Wabeja, wabeja sana," alisema. "Kumbe ni yule mzee tu. Masikini, uzee."

Nikanyamaza. Wenzangu waliuliza nilikuta nini, nikasema nilirekebisha, nikauchuna. Kile kipande cha pamba nilikikamua, nikakitia kwenye kiberiti kitupu na kukiweka rafuni nyuma ya makopo ya boliti. Sijui nilikihifadhi kwa nini kama nilikuwa sina nia ya kusema. Nadhani nilitaka kuwe na mtu mmoja anayejua, hata kama mtu huyo ni mimi.

Msimu ulipita hivyo. Malori yalipanda na kushuka, mizani ikafungwa na kufunguliwa, watu wakajenga na wengine wakaoa. Pikapu ilifanya kazi kila siku, na kila ilipopita mbele ya gereji mama alipiga honi kunisalimu, na kila honi ilinichoma. Habari za macho ya mzee zilikuwa zimeenea. Gereji ya barabara ya pili haikumwita tena. Siku moja ya mnada nilimwona amesimama upande wa pili wa barabara, ameshika baiskeli, anatazama upande wetu. Sina hakika aliona nini kwa umbali ule. Niliinama chini ya gari nikajifanya natafuta spana, na nilipoinuka alikuwa ameondoka. Nilijichukia siku hiyo, lakini si kiasi cha kunyanyua miguu.

Kilichoninyanyua ni maneno ya mmoja wa wenzangu, aliyeyasema bila kujua anamwambia nani. Tulikuwa tunakula mihogo. Akasema mzee amepita gereji zote za mjini isipokuwa yetu, kwa miguu, baiskeli anaikokota. Amekwenda kuomba radhi. Amewaambia mafundi kwamba huenda kazi nyingine alizowapimia miaka hii alizikosea bila kujua, na kama kuna injini iliyoharibika, basi wamsamehe, macho yalimdanganya.

Niliuweka chini muhogo wangu. Nilikuwa nimejidanganya msimu mzima kwamba nimemchafulia jina tu, na jina husafishika. Kumbe nilikuwa nimemfanya ajitilie shaka. Mtu aliyehesabu kila uzi mwekundu kwa miaka yote ile alikuwa analala akijiuliza ni malori mangapi ameyaua.

Nilitoa kiberiti nyuma ya makopo, nikachukua kisanduku cha maikromita, nikaenda Sapiwi kwa baiskeli. Mashambani watu walikuwa wameng'oa mabua ya pamba na kuyachoma, moshi umekaa chini juu ya ardhi. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake anasokota kamba ya katani, kazi isiyohitaji macho.

"Mwadila, baba," nilimsalimu.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, kwamba ni salama tu, kama kila mtu anavyojibu hata anapokuja na msiba.

Alinijua kwa sauti. Akaniambia kaa. Sikukaa. Nilifungua kiberiti nikamwekea kile kipande kiganjani. Alikifinya kwa vidole, akakivuta nyuzi, akakinusa. Akaipata ile mbegu, akaizungusha kati ya dole gumba na shahada kwa muda.

"Ulikikuta wapi?"

"Kwenye chujio la pampu. Kwenye pikapu ya yule mama."

"Beringi?"

"Sawa zote, mzee. Nilipima mara mbili, kwa maikromita yako. Ulipima sawasawa. Pamba nilitia mimi. Kaki zilikwisha, nikaziba kwa fifi, na uliponiuliza idadi nikakudanganya."

Hakupandisha sauti. "Ulipima lini?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Njiani nilikuwa nimetengeneza maneno mengi ya kuomba radhi na hakuna hata moja lililojibu hilo.

"Kesho yake," nilisema.

"Kesho yake baada ya mimi kuondoka?"

"Ndiyo."

Akageuza uso kuelekea kwenye harufu ya moshi wa mabua. Wakati ule tulipokuwa gereji, pamba ilikuwa bado iko shambani.

"Msimu mzima nilikuwa sijui," alisema. "Nilikuwa nakaa hapa nazipima zote upya kichwani. Lori la ushirika lile lililoungua beringi kule Maswa. Trekta la misheni. Nikasema pengine ni mimi." Akafunga ngumi juu ya ile pamba. "Pengine hata zile za zamani ni mimi."

Nilipiga magoti. Wanaume kwetu hatupigi magoti hivyo, na sikufikiri, miguu ilikwenda yenyewe. Nikamwomba anisamehe. Nikamsogezea kisanduku.

Hakukigusa. "Hiki kiliachwa mbele ya watu, fundi," alisema, na lile neno fundi, yeye aliyekuwa akiniita mwanawe, lilinipata kuliko kofi. "Walikuwa watu wangapi pale?"

"Wanne."

"Unaniambia mimi. Mimi ndiye niliyepima. Hao wanne si mimi."

Akarudi kwenye kamba yake. Nilichukua kisanduku nikaondoka, na alibaki na pamba.

Nilianza na wenzangu wawili, asubuhi, kabla hatujashika kazi. Mmoja alicheka, akidhani natania, halafu akaacha. Mwingine aliniuliza kama nilikuwa nimekaa na jambo hilo wakati yeye anasimulia habari za mzee kuomba radhi, na nilipoitikia alitoka nje, hakurudi hadi mchana. Dereva wa Sola nilimfuata Sola. Ilikuwa safari ya siku nzima kumwambia mtu sentensi nne. Alisema yeye alishasahau, kisha akafikiri, akasema lakini aliwasimulia watu wa huku, na kwamba fundi wao wa kijiji hamwiti tena mzee. Nikamwomba awaambie upya. Akaniahidi huku ananitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Yule mama nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilimwogopa. Nilimkuta kwake anaosha ile pikapu. Nilisema yote nimesimama, ndoo iko katikati yetu. Alisikiliza hadi mwisho, akakamua kitambaa chake, akakitandika juu ya boneti.

"Nimepishana na mzee yule sokoni mara mbili," alisema. "Alinisalimia. Sikusimama." Akaisogeza ndoo pembeni kwa mguu. "Ulinifanya nimpite mzee, wewe mtu."

Akafungua mlango wa pikapu.

"Panda," alisema. "Na wenzako wachukue. Endesha wewe."

Tulikwenda Sapiwi watano kwa hesabu, maana yule dereva wa Sola alikuwa amekuja mjini na tulimkuta stendi, mama akampa amri naye akapanda nyuma bila kubisha. Gari likiingia kwenye mji wa watu kule, majirani hutoka. Walitoka. Mzee alisimama mlangoni kwake, ameinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza injini kabla ya kusikiliza watu. Mama alishuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akamsalimu kwa heshima yote na kumwomba radhi kwa kumpita sokoni. Mzee akamwinua kwa mkono. Akatembea hadi kwenye gari, mkono wake ukitangulia, akaupapasa ubavu wake hadi mbele. Akanyanyua boneti mwenyewe.

"Usizime," aliniambia. "Piga resi."

Nilikanyaga. Akaweka kiganja juu ya injini, akakaa hivyo. Nilimwambia kwamba sindano haijashuka. Akasema ameshasikia. Akaniambia niongeze, nikaongeza, akaniambia niachie irudi sailensa, nikaachia. Niliposhuka nilikileta kisanduku, na safari hii alikipokea. Alikifungua, akapitisha kidole juu ya maikromita, akanusa kidole. Nilikuwa nimeipaka oili kila wiki kwa msimu wote ule, sijui kwa nini, labda ni kitu pekee nilichomfanyia sawa. Akafunga kisanduku na kukitia kwapani.

Hakurudi kazini baada ya hapo. Macho yalikuwa yamekwisha kweli, hilo lilikuwa kweli tangu mwanzo, na ndiyo maana nilikuwa nimelitumia. Lakini siku ile, majirani wakiwa wamesimama, wale wanne wakiwa wamesimama, na injini ikiunguruma kwa utulivu, aliniuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye zizi:

"Krenki hii nani alipima?"

Nilijibu neno kwa neno kama nilivyojibu gereji.

"Mzee ndiye aliyepima."

Akaurudisha mkono juu ya injini.

"Basi zima, ng'wana wane," alisema. "Unamalizia mwenzio mafuta."